Asilimia ya mabadiliko kati ya mstari na mstari katika Excel

Umeuliza kwa nini safu yako ya mabadiliko inatoa #DIV/0! (kosa la kugawanya kwa sifuri) kwenye baadhi ya mistari, na kwingine 2500% badala ya 25%.

Hilo la pili ni jepesi: fomula yako inazidisha kwa 100, halafu seli uliyoipa muundo wa asilimia inazidisha tena. Ondoa *100.

Kosa la kwanza hutokea mstari uliotangulia ukiwa na sifuri au ukiwa mtupu, kwani kwenye hesabu hii Excel huichukulia seli tupu kama sifuri. Kama thamani zinaanzia B2, andika hii kwenye C3, kisha iburute hadi chini:

=IF(B2=0,"",(B3-B2)/ABS(B2))

C2 iache wazi; haina cha kulinganishwa nacho. ABS, inayoondoa alama ya hasi kwenye namba, usiiondoe hata kama sasa huna namba hasi. Kutoka -50 hadi -25 hasara imepungua, lakini bila ABS utasoma -50%, kana kwamba mambo yameharibika.

Panga tarehe kabla ya yote. Fomula haijui miezi, inaangalia seli ya juu yake tu, kwa hiyo mwezi ukikosekana italinganisha Machi na Januari bila kukuonya. Na kwenye mstari wa jumla, usiweke wastani wa asilimia hizo. Linganisha thamani ya mwisho na ya kwanza.