Tule Wapi Tukizuru Ziwa Manyara?

Swali: Ndugu Mhariri, tutazuru Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara pamoja na watoto watatu, lakini chakula cha hotelini ni ghali mno kwetu. Tule wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, shukeni Mto wa Mbu, mji ulio jirani na lango la hifadhi, ambako mama lishe hupika wali kwa mchele wa mashamba ya hapo hapo na kuupakua pamoja na maharage. Chagueni banda wanalokula madereva, kwani sufuria yake hailazi kiporo. Nunueni pia ndizi nyekundu, fupi na nene, ambazo kwangu mimi hazina mpinzani. Mkifungasha chakula cha kulia hifadhini, msikiache mezani hata kidogo, maana nyani hunyakua mfuko huku mkitazama.