Maswali yenu: figo "dhaifu", chi, ini lenye hasira na ngozi ya punda

Maswali ya tiba ya Kichina yamelundikana mpaka basi, kwahiyo leo nayajibu kwa mkupuo mmoja. Mi si daktari, ni msomaji tu wa haya mambo, kwahiyo ukiumwa nenda hospitali, usinisubiri mimi.

Kliniki ya Kichina wamenishika mkono tu wakaniambia figo zangu dhaifu. Nimeenda hospitali nimepima damu na mkojo, figo nzima kabisa. Nani kanidanganya? (Msomaji, Mwanza)

Inawezekana hakuna aliyekudanganya ila kila mmoja alikuwa anaongelea kitu chake kwa jina lilelile, na hapa ndo wengi wanapopotea kwahiyo ngoja nikae napo kidogo. Matabibu wa kale wa China elimu yao waliijenga zaidi kwa kumwangalia mtu akiwa hai, anakula nini, anatoa nini, analala vipi, uso una rangi gani, sauti ikoje, halafu hizo kazi za mwili wakazigawia viungo. Kitabu chao kikuu, Huangdi Neijing, kilichokusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kina sura inayopanga viungo kama serikali kabisa. Moyo ndo mfalme, mapafu ni waziri wake mkuu, ini ni jenerali anayepanga mikakati, kibofu cha nyongo ndo anayekata maamuzi, wengu na tumbo wamepewa maghala ya chakula, utumbo mpana ni wa usafirishaji. Hivyo ni vyeo bana. Ukimuuliza mpasuaji wa Muhimbili wengu linafanya nini atakwambia mambo ya kuchuja damu na kinga, wala hatataja ghala la chakula.

Figo kwenye serikali hiyo kapewa kutunza kitu wanachokiita jing, mi nitakiita kiini. Hiyo ni akiba unayozaliwa nayo kutoka kwa baba na mama, chakula kinaongezea kidogokidogo, na ndo inayootesha meno, mifupa, nywele za kichwa, usikivu wa masikio na uzazi wote. Neijing inaihesabu kwa umri: mwanamke anaenda kwa saba saba, miaka 7 anabadili meno, 14 anavunja ungo, 49 hedhi inakata. Mwanaume anaenda kwa nane nane, miaka 16 anabalehe, ikifika 64 akiba imeisha. Kwahiyo mtu wa kliniki akisema figo dhaifu anamaanisha kiuno kinauma, magoti yanalegea, masikio yanavuma, usiku unaamka kukojoa, hamu ya tendo imeshuka. Kriatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, haimo kabisa humo.

Na kule kukushika mkono si kiini macho. Wanaweka vidole vitatu kwenye mshipa karibu na kifundo cha mkono, wa kushoto wanasikilizia moyo, ini na figo, wa kulia mapafu, wengu na figo tena, kwa kugusa juujuu halafu kwa kukandamiza. Matabibu wawili wanaweza kumshika mtu mmoja wakatoka na majibu tofauti, hilo nalo ulijue.

Ila sasa kinyume chake ndo hatari. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa figo wa kweli, figo zimebaki kidogo tu, na kwa mshipa wake akaambiwa shida ni wengu. Ukiona miguu inavimba, mkojo una povu, au una presha ama sukari, pima damu na mkojo, hakuna mjadala. Na yale mabango ya "figo imara, ndoa imara" yapite mbali, maana mamlaka za dawa za nchi kadhaa zimeshakuta sildenafili (ile dawa ya Viagra) imefichwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume, na ukichanganya hiyo na dawa za moyo za jamii ya naitreti presha inaweza kushuka ukadondoka usiamke.

Chi ni nini hasa? Pumzi, umeme au majini? Shehe wetu anasema tujihadhari. (Msomaji, Tanga)

Majini hapana. Chi ni jina la kila kinachoufanya mwili ufanye kazi, na wao wanaipa kazi tano: kusukuma, kupasha joto, kulinda, kushikilia vitu mahali pake na kubadili kitu kuwa kingine, mfano chakula kuwa damu. Inatoka sehemu tatu, kwenye kile kiini cha kuzaliwa, kwenye chakula na kwenye hewa. Ikizunguka nje karibu na ngozi inakukinga na baridi na mafua, ikizunguka ndani kwenye mishipa inalisha. Ukiwa na uchovu, unatoka jasho bila kazi, sauti ndogo, wanasema chi imepungua. Ukiwa umejaa kifua, unashusha pumzi kila saa, tumbo limejaa gesi, hapo haijapungua ila imekwama, na tiba ni tofauti kabisa maana ukimwongezea mtu aliyekwama unazidi kumziba. Hakuna mashine iliyowahi kuipima hiyo chi. Mi naichukulia kama lugha ya kuelezea hali ya mtu, ukiitaka iwe umeme au ukitaka iwe pepo utahangaika bure.

Nikigombana na mume wangu naharisha. Tabibu kasema ini limeshambulia wengu. Ndo nini hiyo jamani? (Msomaji, Nakuru)

Hahaa dada pole, ila swali lako ni zuri kuliko yote maana ndo linaonyesha mashine nzima inavyozunguka.

Viungo vikuu vitano wamevipa vitu vitano: ini ni mti, moyo ni moto, wengu ni udongo, mapafu ni chuma, figo ni maji. Kuna mzunguko wa kuzaa, mti unalisha moto, moto unaacha majivu yanakuwa udongo, udongo unatoa chuma, chuma kinaleta maji, maji yanaotesha mti. Halafu kuna mzunguko wa kudhibiti: mti unapasua udongo, udongo unazuia maji, maji yanazima moto, moto unayeyusha chuma, chuma kinakata mti. Kila kiungo pia kina hisia yake, ini hasira, moyo furaha, wengu mawazo ya kurudiarudia, mapafu huzuni, figo woga.

Sasa weka ugomvi wenu hapo ndani. Hasira inakwamisha chi ya ini, ini ni mti kwahiyo kawaida yake ni kuubana udongo kwa kiasi, likichachamaa linaubana kupita kiasi, na wengu ndo lilikuwa linasaga chakula na kupandisha vilivyo vizuri juu, likibanwa haviendi juu vinashuka chini. Tumbo linasokota, unakimbilia choo, na ukishatoka maumivu bado yapo. Wana dawa yake ya tangu zamani kabisa kwa hali hiyohiyo. Atakwambia pia utoe ulimi, na kama una alama za meno pembeni kama umeung'ata, anasema wengu limechoka. Jaribu kwenye kioo.

Hospitali hiyo hali wana jina lake pia, utumbo wenye hisia kali, na wanakubali kabisa kwamba msongo wa mawazo unaichochea. Ila ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito au unaharisha usiku umelala, hiyo usimsingizie mume.

Sanjiao ni kiungo gani? Nimetafuta kwenye kitabu cha baiolojia sioni. (Mwanafunzi, Dodoma)

Hutakiona. Kitabu kingine cha zamani, Nanjing, kinasema chenyewe kwamba kina jina ila hakina umbo. Ni njia ya maji na joto kifuani, tumboni na chini ya kitovu. Kwenye ile serikali ni ofisa wa mifereji. Wachina wenyewe wamebishana juu yake karne na karne, kwahiyo mtihani wa baiolojia usikiandike tafadhali.

Naamka saa tisa usiku kila siku. Video inasema hiyo ni saa ya mapafu, nina huzuni iliyojificha. Kweli? (Msomaji, Dar)

Ratiba hiyo ipo kweli, saa saba mpaka saa tisa usiku ni ini, saa tisa mpaka saa kumi na moja alfajiri ni mapafu, inaendelea hivyo kila kiungo kwa muda wa saa mbili mpaka siku inaisha. Iliwasaidia wachoma sindano za Kichina (akupancha) kuchagua saa ya kutibu. Kumtabiria mtu huzuni kwa saa aliyoamka ni mambo ya video. Kama unaamka kwenda kukojoa pima sukari, na kama ni mzee wa kiume cheki tezi dume.

Kwa nini Wachina wanataka ngozi za punda wetu? Kuna uhusiano na damu? (Msomaji, Shinyanga)

Upo, mkubwa tu. Ngozi inachemshwa mpaka inakuwa gundi nyeusi, inakatwa vipande kama vya chokoleti, inaitwa ejiao, jina limetoka Dong'e huko Shandong. Inauzwa kama dawa ya kujenga damu, hasa kwa wanawake, kwa uso uliopauka, kizunguzungu, hedhi inayovuja. Na damu kwao ni zaidi ya hii ya maabara, moyo unaiendesha, ini linaihifadhi, wengu linaizuia isivuje nje ya mishipa, na inatakiwa ilishe macho, kucha na usingizi pia.

Kinachoniudhi ni kwamba vitabu vyao wenyewe vina njia nyingine. Zamani hiyo gundi ilipikwa hata kwa ngozi ya ng'ombe, punda alikuja kushika nafasi baadaye. Na kuna mchanganyiko wa tabibu Li Dongyuan, wa mwaka 1247, wa kujenga damu, una mimea miwili tu, astragalo sehemu tano na danggui sehemu moja. Danggui ndo mmea wa damu, astragalo ni wa chi, na anaweka chi mara tano! Hoja yake ni kwamba chi ndo inayoizalisha na kuiongoza damu, ukitaka damu haraka anza na chi. Punda hayumo.

Huku kwetu punda ndo gari la maji na la kuni, akiibiwa usiku mama anabeba ndoo kichwani kesho yake. Kenya walipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara hiyo 2020, Tanzania ikafuata 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika kule Addis Ababa ukakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi bara zima. Na kwa dada anayetaka damu: gundi hiyo ni jelatini, protini tu, pima HB kwanza, upungufu wa madini ya chuma unatibiwa kwa vidonge vya chuma na kliniki ya wajawazito wanavitoa.

Kuna chochote kwenye tiba hii kilichothibitika au yote hadithi? (Msomaji, Kampala)

Kama umewahi kumeza dawa mseto ya malaria umeshakimeza. Mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou alikuwa kwenye mradi wa siri wa China ulioanza 1967, akakuta kwenye kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4 maelekezo ya homa: chukua konzi ya mmea wa qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa yote. Kamua, hakusema chemsha. Tu akaona huenda joto linaua dawa, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, ndo ikapatikana artemisinini, msingi wa hiyo dawa mseto. Nobel akapewa 2015. Ila tuwe wakweli, iliyoshinda ni kazi ya maabara juu ya mmea mmoja. Mti kupasua udongo haukuhusika.

Mama anatumia warfarini, kaletewa danggui ya kuongeza damu. Anywe? (Msomaji, Mombasa)

Asinywe. Warfarini ni dawa ya kuzuia damu isigande, na danggui inaweza kuiongezea nguvu akavuja damu. Kama ameshaanza, mpeleke apimwe INR (kipimo cha damu inavyoganda) haraka, na warfarini asiiache mwenyewe. Ukienda beba na pakiti, ili daktari asome kila kilichomo, maana dawa za kuchanganya wakati mwingine huwa na mimea ya jamii ya aristolokia, ileile iliyoharibu figo za wanawake wengi Ubelgiji miaka ya 1990 kwenye dawa za kupunguza mwili. Pakiti ikiwa na maandishi ya Kichina tu, asimeze chochote humo mpaka mfamasia aseme ni nini.