Tovuti au sola kwanza?

Ndugu, umeuliza nyumba ya wageni ya vyumba 6 ianzie wapi, tovuti au sola. Vyote visubiri kidogo. Jisajili kwanza Google Maps, ni bure: picha halisi, namba ya WhatsApp, na ujibu maoni, hata yale ya kuudhi. Majukwaa ya kuhifadhi vyumba hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, kwa hiyo mgeni akiondoka muombe namba yake arudi kwako moja kwa moja. Na usisahau wageni wa ndani ya nchi. Mwaka 2020, wakati wa Korona, watalii wa kimataifa duniani walipungua kwa zaidi ya asilimia 70. Sola? Kabla ya kuinunua, ziba kwanza hasara ndogo: soma mita ya maji usiku, wote wamelala. Ikizunguka, kuna mahali maji yanavuja, pengine choo.