Maswali na Majibu: Daftari la Katuni za Harakaharaka

Barua za safari hii zinahusu kujaza daftari la kuchorea kwa katuni za haraka, za kuchezea tu. Nimechukua tano.

Nimenunua daftari zuri Darajani. Tangu siku hiyo liko kabatini, naogopa kuliharibu. – Dada wa Mkunazini

Dada, lifungue katikati uanzie hapo. Ukurasa wa kwanza ndio unaotia kiherehere. Uache mpaka daftari lichafuke vya kutosha. Mkono ukisita bado, nunua daftari la skuli, lile la bei ya chini kabisa. Karatasi nzuri humfanya mtu achore kwa adabu, na adabu ndiyo inayoua katuni. Sharti langu moja: usichane ukurasa. Kichwa kilichotoka kama fenesi leo, utakitafuta siku ukitaka kumchora bwana mwenye hasira.

Nikikaa Forodhani jioni kuchora, watu hawatulii. Namaliza kichwa tu, mtu keshaondoka. – Kaka wa Ng'ambo

Tatizo ni huko kuanza na kichwa. Watazame makachu, wale vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Mmoja akiruka, usichore kitu, tazama tu. Akishaingia majini, teremsha mstari mmoja uliopinda, kuanzia ncha za vidole vya mikono hadi nyayo. Huo ndio mruko wenyewe. Kichwa ni kiduara cha kutundika baadaye, miguu ni vijiti viwili. Sekunde 10 zinatosha. Kisha msubiri: atapanda, ataruka tena, na wewe utaliona goti ulilolikosa.

Uzuri wa Forodhani ni kwamba watu wake hurudia. Muuza juisi hupitisha muwa kwenye mashine, huukunja, huupitisha tena. Mpika piza hutandaza unga, hujaza, hukunja. Waweke watatu au wanne kwenye ukurasa mmoja, uwe unahama kwa huyu na yule kila mkao unapojirudia. Halafu tia chumvi. Kama kilichokuchekesha ni mkono wa muuza miwa, uwe mkubwa kuliko mashine yake. Bila chumvi umechora picha ya kitambulisho.

Penseli au kalamu? – Msomaji wa Makunduchi

Bic ya kawaida. Wino wake ni wa mafuta, hauchuruziki ukiguswa na kiganja chenye jasho, na joto letu mnalijua. Penseli huja na raba, na ukishashika raba haraka yote imekwisha.

Nyuso zangu zote zinafanana, shangazi na dereva wa daladala hawana tofauti. – Msomaji wa Chake Chake

Chora viduara 6 kwa mstari, vyote na pua ileile, ubadilishe nyusi na mdomo tu. Nyusi zikishuka kuelekea puani, mtu kakasirika. Ncha za ndani zikipanda, ana huzuni. Sasa yashushe macho chini ya nusu ya uso, paji libaki pana: umepata mtoto mchanga. Yapandishe karibu na nywele, taya lirefuke, umepata baba mkwe.

Mimi ni mwanafunzi. Babu hapendi nichore viumbe wenye roho. Niache kuchora? – Kijana wa Wete

Mwanangu, mimi si mufti. Wanazuoni wamelitazama suala hili kwa namna tofauti, na wa kukujibu ni babu na sheikh wenu, si mchora katuni. Ila kuacha viumbe hakukufungii mlango, kwa sababu mkao hauhitaji uso. Ngalawa iliyoachwa na maji yakikupwa, imelalia ubavu mmoja, ukiitazama utaapa imechoka. Dele la kahawa lina kitambi chake na mdomo wake mrefu. Bao lina mashimo 32. Chora machache ya mbele, mengine yawe vidoti.

Lakini mimi ningeanza na makubadhi mlangoni mwa msikiti. Jozi moja imepangwa sawasawa, nyingine huyu yuko hapa na mwenziwe kule, na mara moja unamjua nani alichelewa sala. Ukimaliza ukurasa mwoneshe babu, umuulize yepi ni yake.