Ekari 12 zilizoungua na jirani nisiyemjua

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Dodoma aliniandikia. Ana akiba yake, dalali amempatia ekari 30 Mufindi, mkoani Iringa, na anataka kupanda misindano, yaani mipaini, yote kwa mkupuo mvua za Desemba zikianza. Aliuliza jambo moja tu: "Kaka, nipande kwa nafasi gani nipate miti mingi?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili, kumbe nimekesha naandika. Basi nimeona niyaweke hapa, maana najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo: upande miti leo, isomeshe watoto kesho. Ni ndoto nzuri. Mimi nayo sijaiacha.

Nafasi ni mita 3 kwa mita 3, ekari moja inakula miche kama 440. Hilo limekwisha. Sasa nikueleze ambalo hukuuliza.

Mwaka 2011 nilinunua ekari 12 Mufindi. Nilikuwa nafanya kazi Dar es Salaam, na kijijini nilifika mara mbili tu: siku ya kulipa na siku ya kupanda, Januari 2012. Siku ile ya kulipa, tulipokuwa tunazungushwa mipaka, mama mmoja aliyekuwa analima shamba la pili alisimamisha jembe akanisalimu, "Kamwene." Nilimpungia mkono nikapita. Nilikuwa nawahi basi. Mkumbukeni huyo mama.

Miaka 4 ikapita nikitumiwa picha kwa simu. Miti ilikuwa inapendeza, nami nilikuwa nawaonyesha wenzangu kazini na kuwapigia hesabu za mbao. Oktoba 2016 simu ikalia: "Bosi, moto." Nilifika kesho yake jioni.

Msindano ulioungua unaendelea kusimama. Majani yake yananing'inia, yana rangi ya kutu, na ukiyashika yanasagika kiganjani kama tumbaku kavu. Nilichukua kisu nikawa nakwangua gome, mti kwa mti, natafuta ukijani chini yake. Wa kwanza kahawia. Wa pili kahawia. Nilikwangua mpaka giza likaingia, na viganja vyangu vilinuka utomvu na moshi kwa siku kadhaa. Mlingoti, ambao wengine mnauita mkaratusi, ukiungua unaweza kuchipua kwenye kisiki. Msindano ukifa umekufa.

Moto ulianzia bondeni, kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni. Mtu alikuwa anachoma majani aandae bustani, upepo ukamshinda. Halafu nikaiangalia barabara yangu ya moto, ule ukanda wa kuzuia moto niliokuwa natuma hela ufyekwe kila mwaka, nikakuta nyasi zinanifika kiunoni. Msimamizi wangu alikuwa anaipiga picha barabara ya shamba la mtu mwingine na kunitumia mimi. Hilo linaniuma mpaka leo, na sitasema limeisha.

Lakini lililonivunja kabisa nilielezwa na yule mama. Alikuja akasimama pembeni yangu, akaniambia taratibu: "Mwanangu, moto tuliuona saa nane mchana, tukatoka na matawi. Tumeuzima kwa huyu mzee wa upande ule. Hapa kwako hatukujua ni pa nani." Nikainua macho. Ng'ambo ya mpaka, hatua kama 10 kutoka nilipokuwa, misindano ya yule mzee ilikuwa ya kijani kitupu. Umri uleule, udongo uleule, upepo uleule. Yeye alikuwa na watu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujauliza nafasi ya miche, jiulize nani atashika tawi siku moto ukija. Hati ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji, ni muhimu, itafute, na hakikisha ardhi yako imepita kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ila hati haizimi moto. Moto unazimwa na jirani, na jirani huja anapomjua mwenye shamba na anapoona ana faida na msitu ule. Wangapi tumenunua maeneo huko nyanda za juu na hatumjui hata mwenyekiti wa kitongoji kwa jina? Tunaita huo uwekezaji. Mimi nasema ni kutupa pesa vichakani.

Mwaka 2017 nilichukua likizo nikaenda kukaa kijijini wiki mbili. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nikajiunga na kikundi cha wakulima wa miti. Wakati huo mradi wa Panda Miti Kibiashara, uliofadhiliwa na Finland, ulikuwa unasaidia vikundi kama hivyo huku kwetu. Humo nilijifunza palizi, kupogolea, kuchagua mbegu, na zaidi ya yote kalenda ya moto: kabla mtu hajachoma kinyungu chake anatoa taarifa, na watu wanasimama naye. Januari 2018 nikapanda upya.

Safari hii nilipanda ekari 10. Mbili za bondeni niliziacha, na hapo nako nilifundishwa. Mwanzoni nilikuwa nimepanda milingoti hadi ukingoni mwa chemchemi, nikitamani nguzo za haraka. Wazee wakanionyesha tope lililobaki mahali walipokuwa wanachota maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, nami sikuwahi kuisoma. Tuling'oa visiki, tukapanda mivengi, mti wa asili ambao wazee wa huku wanauamini kwa kutunza maji. Msione ni kijito cha kijiji tu. Maji ya upande wetu wa Mufindi yanaingia mto Ruaha Mdogo, yanapita Iringa mjini, yanaungana na Ruaha Mkuu hadi Mtera na Kidatu, kwenye mabwawa ya umeme. Mimi niliyekuwa Dar nalalamikia mgao ndiye niliyekuwa nakausha chemchemi huku juu.

Mwezi uliopita mnunuzi alikuja na mashine yake ya kupasua mbao, ile dingdong, akataka ekari zote 10 kwa pesa taslimu. Miti ina miaka 8. Nakiri mkono ulinitetemeka. Lakini msindano wa umri huo mbao yake bado changa, ikikauka inapinda, na bei yake ni ya kukupoza tu. Mashamba ya serikali kama Sao Hill yanaiacha ikomae miaka 18 na kuendelea, na kuna sababu. Tulimuuzia miti ya kupunguzia tu, iliyopinda na iliyobanwa na wenzake. Mizuri imebaki, imepata nafasi na mwanga, na hela ya ile michache imelipa palizi na barabara za moto za mwaka huu. Nimetembea chini yake juzi na nimejisikia mwanaume kamili, nasema bila aibu.

Kijana wangu wa Dodoma, usilipe bado. Ekari 30 ni nyingi kwa mtu wa mbali. Anza na 5. Panda gari uende ukalale kijijini siku 3, uonane na mtendaji, uulize kikundi cha miti kinakutana lini, umsalimie kila anayepakana na shamba hilo na uandike majina yao. Bondeni usipande kitu cha biashara. Kisha ndipo uzungumze bei na dalali.

Jumamosi ya kwanza ya Juni tunafyeka barabara ya moto upande wa vinyungu, upana mita 10, kabla nyasi hazijakauka. Ukipenda njoo uone kazi inavyofanyika. Mapanga yanawekwa kwa yule mama. Siku hizi funguo za banda la shamba anazo yeye.