Rais wa Kenya akikataa kusaini mswada, je, umekufa?

Haujafa. Kifungu cha 115 cha Katiba ya 2010 kinampa siku 14: atie saini, au aurudishe bungeni akieleza kwa maandishi kinachomkera. Kuukalia kimya hakumsaidii, kwani siku hizo zikipita mswada unahesabiwa kuwa umesainiwa.

Ukirudi, ugumu uko kwenye hesabu. Wabunge wakikubali mapendekezo yake yote, kura za kawaida zinatosha. Wakiyakataa, au hata wakiyakubali nusunusu (hapa ndipo wengi hukosea), lazima wapate thuluthi mbili ya wabunge wote 349, yaani 233, si ya waliomo ukumbini siku hiyo. Mswada unaogusa kaunti unahitaji pia thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti (kila kaunti kura moja), si ya maseneta mmoja mmoja. Kwa hiyo utoro bungeni humfaa Rais.

Wakizipata, Spika anaupeleka tena ndani ya siku 7, naye Rais ana siku 7 za kusaini. Asiposaini, unakuwa sheria vilevile.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulirudishwa kwa njia hiyohiyo, Rais Ruto akipendekeza vifungu vyote vifutwe.