Uingereza Nje ya Umoja wa Ulaya: Uchumi Wake Unaelekea Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafanya kazi katika kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara hapa Mwanza. Wako waliosema kwamba Uingereza ikitoka Umoja wa Ulaya uchumi wake utaporomoka, na wako waliosema utapaa. Mbona sioni lolote kati ya hayo?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, uchumi huo haukuporomoka, bali unapungukiwa polepole, na hasara ya namna hiyo ni vigumu kuiona kwa macho. Ofisi ya nchi hiyo inayosimamia makadirio ya bajeti, ambayo ni chombo huru, inakadiria kwamba hatimaye tija, yaani kiasi kinachozalishwa kwa kazi ile ile, itakuwa chini kwa takriban asilimia 4 kuliko ambavyo ingekuwa kama Uingereza ingebaki.

Wengi hudhani chanzo ni ushuru. La hasha: mkataba ulioanza kutumika Januari 2021 uliondoa ushuru kwa bidhaa zinazotimiza masharti ya asili, yaani zinazothibitika kuwa zimetoka Uingereza au Ulaya kwenyewe. Kilichoongezeka ni makaratasi, na wewe wa kiwandani unajua uzito wake. Minofu yetu huingia Ulaya bila ushuru, lakini shehena isiyo na cheti cha afya haivuki. Na mwaka 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia, msamaha wa ushuru haukutufaa kitu. Muuza samaki wa Uskoti, ambaye zamani alipakia lori jioni likaenda Ufaransa bila kuulizwa, leo anahitaji cheti cha afya, tamko la forodha na ukaguzi mpakani, huku barafu ikiyeyuka. Kampuni kubwa huajiri watu wa kazi hiyo. Mfanyabiashara mdogo hana uwezo huo, na huyo ndiye ninayemsikitikia.

Mikataba ya biashara na nchi za mbali haijaziba pengo. Uingereza ilijiunga na ule wa nchi zinazopakana na Bahari ya Pasifiki Desemba 2024, lakini serikali yenyewe ilikadiria nyongeza isiyofika asilimia 0.1 ya pato la taifa. Tumaini kubwa naliona katika makubaliano ya Mei 2025 ya kutafuta mkataba wa afya ya mimea na mifugo na Ulaya ili kupunguza makaratasi hayo, ingawa Uingereza italazimika kufuata kanuni isizozipigia kura.

Kwenu Mwanza, Tanzania bado inauza Uingereza bila ushuru kama nchi yenye maendeleo duni. Angalieni tu kwamba sasa Uingereza ina orodha yake ya viwanda vilivyoidhinishwa, tofauti na ile ya Ulaya.